Ng'ombe wa Nabwile

Ukimsikia msichana akisema amempenda kijana kwa sababu ya akili zake, usimpigie vigelegele upesi. Muulize kwanza: akili za kufanya nini? Kuna akili za kutafuta, kuna akili za kutunza, na kuna zile za kujua nani wa kumwamini, ambazo sijaona shule inayozifundisha. Chelagat hakuuliza. Alimpenda Wanyonyi mzimamzima, kama mtu anayenunua gunia bila kulifungua, na Alhamisi hiyo aliposhuka Misikhu, kwao Wanyonyi, na furushi kwapani bado alikuwa anampenda vivyo hivyo.

Ndani ya furushi mlikuwa na gauni la kitenge cha zambarau, la mama yake Wanyonyi. Chelagat alikuwa fundi, mwenye duka la sare za shule pale Matisi, Kitale, na gauni hilo alilishona kwa mkono wake mwenyewe, marinda mabegani, mkanda kiunoni. Mwili wa mama huyo aliukadiria kwa macho tu. Huwezi kumpima mama mkwe kwa tepu kabla hujaolewa. Watasema unampimia sanda. Kwa hiyo aliamua kuja siku mbili mapema, ili mama alivae aone, na kama ni kubwa yeye fundi alipunguze.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wazee wa kwao Chelagat wangeshuka kutoka Kitale kuja kuangalia ng'ombe wa mahari, wakiongozwa na baba yake, Mzee Kiptum. Mzee huyo, mkulima wa mahindi, alikuwa ameukataa uchumba huu kwa miaka miwili. Hakuwa na ubaya na Wabukusu, kabila la Wanyonyi. Alikuwa na ubaya na ahadi. Binti yake wa kwanza, Jelimo, aliolewa kwa ahadi, na mpaka leo ahadi hiyo haijatoa maziwa. Wanyonyi alipofika kwake mara ya kwanza alikaribishwa kiti na si neno, akashinda mchana kutwa zizini akiangalia mifugo peke yake, huku mzee akimtazama kutoka barazani. Ilichukua kulia kwingi kwa Chelagat na kubembeleza kwingi kwa mama yake hadi mzee akalegea, na hata hapo alilegea kwa sharti moja. Ng'ombe si picha ya simu, alisema. Atakuja mwenyewe, awaone bomani, amshike mmoja mkia, ndipo aseme ndiyo.

Na ng'ombe walikuwapo. Hilo Chelagat alilijua kama anavyojua jina lake. Kwa Wabukusu, ng'ombe waliomtoa dada nyumbani ndio wanaomleta mke wa kaka. Nabwile, dada wa pekee wa Wanyonyi, alipoolewa upande wa Kimilili, ng'ombe wake hawakuchinjwa wala hawakuuzwa. Waliwekwa, wakazaa, wakimngoja msichana ambaye Wanyonyi atampenda. Ndiyo maana kwao wifi si mtu wa kuchezea, kwa kuwa mke unayemwona jikoni ameletwa na ng'ombe za wifi yake. Wanyonyi alikuwa akimtumia Chelagat picha zao. Palikuwa na mmoja mwekundu mwenye uso mweupe, pembe moja imevunjika, ambaye walishakubaliana atakuwa wa mama yake Chelagat.

Mapenzi yao, kama hukuyajua, yalikolea juu ya kioo cha simu. Wanyonyi alikuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Misikhu karibu na soko, na kila alipokwenda Kitale kununua karatasi na wino alipitia Matisi. Alikaa kando ya cherehani akamfundisha Chelagat kusoma bei za sarafu za mtandaoni, bitcoin na ndugu zake. Kwenye kioo bei zilisimama kama mishumaa, ya kijani ikipanda, myekundu ikishuka. Wakati mwingine kidole cha mwalimu kiliuacha mshumaa kikatulia juu ya kidole cha mwanafunzi, na hapo hakuna aliyejua tena bei imefika wapi. Alimwita Cheragat, maana ndimi za Bungoma zina ugomvi wa zamani na herufi l na r, na msichana akalipenda kosa hilo kuliko jina alilopewa na nyanya yake.

Mwezi wa tisa, mahindi yakianza kukauka shambani, Wanyonyi alimwambia jambo kwa uhakika uliomtisha: bei itapanda, na itapanda sana, kabla ya Krismasi. Akaeleza sababu, akichora kwa chaki ya fundi juu ya meza. Hapo hawakubishana. Walibishana juu ya mahali pa kununulia. Chelagat alikuwa amejiandikisha kwa ile app kubwa ya ng'ambo, ambayo inakudai picha ya kitambulisho, kisha ya uso, ugeuke kulia, ugeuke kushoto, halafu inakuambia ungoje. Wanyonyi aliicheka. Watu ambao hujui wanalala wapi, alisema, ndio unawapa pesa pamoja na sura yako? Yeye alikuwa na pake. Kijana mmoja aitwaye Wakhungu alikuwa amefungua ofisi Bungoma mjini na app yake mwenyewe, na ukitaka pesa zako unahesabiwa hapohapo mezani. Tena Wakhungu huyo alikuwa bakoki wake, yaani walitahiriwa mwaka mmoja, asubuhi moja, wamesimama bega kwa bega. Na bakoki hakuibii.

"Mimi nataka mahali penye mlango," Wanyonyi alisema. "Siku nikikasirika, niende nigonge."

Chelagat akamwambia hata mwizi ana mlango. Wakacheka, wakayaacha, kila mtu akabaki na app yake. Chelagat aliamini mwenzake ameweka hela za saiba, kidogo tu, za kujaribia bahati.

Sasa basi. Alipoingia uani kwa kina Wanyonyi, hakuna aliyemsikia. Mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya turubai ubavuni mwa nyumba, kuku wakiyaiba. Akapita nyuma, kwenye boma, na huko akamkuta mama yake Wanyonyi, ambaye watu humwita Mama Nabwile, ameinama nyuma ya ng'ombe na ndoo ya povu kando yake, akisugua kwa nguvu zake zote. Kwenye paja la kila ng'ombe palikuwa na mstari wa rangi ya buluu. Ni ile alama wachuuzi wa mifugo huwapaka wanyama wao wasije wakachanganyika sokoni. Wengine walikuwa wameshaoshwa, wamebaki na doa hafifu. Wengine walikuwa wanangoja zamu.

"Haya, umekuja leo?" mama akasema, na tambara likamponyoka. "Si tulisema Jumamosi?"

"Nimekuletea nguo yako, Mama. Nilitaka uijaribu."

Mama Nabwile akajifuta mikono kwenye leso, akaanza maneno mengi. Akauliza habari za Kitale, akauliza kama mvua imewaachia mahindi, akasema ng'ombe siku hizi wanajichafua sana, ati hata sabuni ya kawaida haiwatoshi. Chelagat aliitikia kila neno kwa heshima na hakusikia hata moja. Alikuwa anatafuta uso mweupe. Alilizunguka boma taratibu, akalizunguka tena. Kulikuwa na wanene na wembamba, na mmoja alikuwa bado na kamba ya soko shingoni. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika hakuwamo.

Hapo ndipo Nabwile alipotoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Mulamwa, usijichoshe kutafuta," alisema, akimwita wifi kwa Kibukusu. "Hizo si ng'ombe zangu."

Mama akamkemea kwa Kibukusu, maneno ambayo Chelagat aliyaelewa kwa uso tu. Nabwile hakunyamaza. Alikuwa amefika jana kusaidia mapishi, akakuta boma la wageni, akalia mpaka machozi yakamwishia, na mtu aliyemaliza machozi hana adabu tena. Alimwaga mtama wote hapohapo, povu likikauka kwenye migongo ya wanyama. Hawa ni wa mchuuzi wa Lwakhakha, kule mpakani. Wamekodiwa mpaka Jumatatu. Wake yeye waliuzwa mwezi wa kumi, sokoni hapohapo Misikhu, wakati yeye yuko kwake Kimilili anawaombea wazae, na pesa yao ikaingia kwenye simu ya kaka yake, na kutoka kwa simu ikaingia kwa Wakhungu. Hakuna aliyemuuliza. Mama alijua na akaficha, kwa sababu mama akishazaa mtoto wa kiume mmoja tu, masikio yake yote mawili humhamia yeye.

Mama Nabwile akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakukana. Alisema tu kwamba kijana alimwambia ni mkopo wa miezi mitatu.

Chelagat alikuwa bado amelishika furushi. Kitu cha kwanza alichokifikiria, na baadaye alijionea aibu kwa hilo, si uongo wala hasara. Alimfikiria baba yake siku ya Jumamosi, na koti lake la Jumapili, amemshika mkia ng'ombe wa mchuuzi na kusema ndiyo.

Wanyonyi alikuja mbio kutoka saiba. Bila shaka kuna jirani aliyempigia. Alifika anahema, shati limemtoka kiunoni, na alipomwona Chelagat alisimama mbali kama anayesubiri kuruhusiwa. Nabwile akamtazama kaka yake, akatema mate chini, akarudi jikoni. Mama akamfuata. Wakabaki wawili kando ya turubai la mahindi.

Nikuambie ukweli, hata wakati huo, akiwa amekasirika hivyo, moyo wa Chelagat uliruka kumwona. Alikuwa amekonda. Macho yale yaliyozoea kumcheka yalikuwa mekundu. Miezi miwili hii kila alipompigia alisema ana kazi nyingi, na yeye akadhani ni shughuli za harusi. Alitamani kumfunga kile kifungo cha shati kilichoachwa wazi. Mapenzi hayana aibu, ndugu yangu. Yanakuja hata pale ambapo hayakualikwa.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu kwanza."

Akatoa simu. Akaifungua app ya Wakhungu, akamwinamishia kioo ili jua lisikizuie, kama alivyokuwa akifanya Matisi. Mishumaa ilikuwa ya kijani, mmoja juu ya mwingine, mpaka ukingo wa kioo. Na chini, kwenye mstari wa salio, kulikuwa na pesa ambazo zingenunua boma la Nabwile lote na boma jingine juu yake.

"Nilikisia sawa, Cheragat," alisema, na sauti yake ikatetemeka kwa kitu kilichofanana na furaha. "Si unaona? Sikukosea hata kidogo. Kila kitu nilikuambia kimekuwa."

Na kweli hakukosea. Chelagat alilijua hilo kuliko mtu yeyote hapo duniani, kwa sababu simu iliyokuwa kwenye mkoba wake mwenyewe ilimwambia hivyohivyo kila asubuhi. Ile siku ya chaki alimwamini. Bila kumwambia, alichukua akiba yote ya duka, ile ya kununua cherehani ya umeme, akainunulia bitcoin kwa app yake ya kugeuka kulia na kushoto. Alitaka iwe zawadi yao baada ya harusi. Wiki iliyopita alijaribu kutoa kiasi kidogo, na ikaingia kwenye simu yake kabla hajamaliza kupinda suruali ya mtoto wa shule.

"Basi zitoe," alimwambia.

"Haitoi."

"Tangu lini?"

Wanyonyi akatazama mahindi. "Tangu ianze kupanda."

Kuku mmoja akapanda juu ya turubai, na hakuna aliyemfukuza. Kuna hasara ya mtu aliyekosea, na hiyo watu huizoea. Unasema nilikosea, unaanza upya. Ya Wanyonyi ilikuwa ya mtu aliyepatia. Alikuwa amejua soko la dunia nzima litaelekea wapi, akashindwa kumjua kijana mmoja wa Bungoma.

"Na ule mlango?" aliuliza. "Ulisema siku ukikasirika utagonga."

"Nimegonga."

"Ikawaje?"

"Akafungua." Wanyonyi alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Hajatoroka, Cheragat. Yuko palepale ofisini. Alinikaribisha chai. Alilia mbele yangu, mtu mzima. Ati ni wakubwa wake wa huko juu wamefunga, hata yeye mwenyewe zake zimekwama."

"Na unamwamini."

"Huyo ni bakoki wangu."

Hapo Chelagat alisema lile alilokuwa nalo tangu bomani. Kama Wakhungu yuko, na ofisi iko, na chai iko, basi waende polisi Bungoma sasa hivi, waandikishe, wamshike kabla hajauza viti. Watu wengine walioibiwa nao wangejitokeza. Pengine hawangepata zote, lakini wangepata kitu, na yeye angesimama mbele ya baba yake akamwambia ukweli, wameibiwa na wanadai, awape muda. Mzee Kiptum ni mkali lakini si kichaa. Angenguruma, halafu angengoja.

Wanyonyi alikuwa anatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Bakoki hashtakiwi."

"Nani amesema?"

"Hakuna haja ya kusema. Tulipakwa tope pamoja mtoni, alfajiri, tukiwa uchi, baridi hiyo unaijua. Damu yetu ilidondoka uwanja mmoja. Ukimpeleka bakoki wako kwa serikali, hiyo inarudi kwako. Inarudi hata kwa watoto wetu."

"Watoto gani?" Chelagat aliuliza.

Hilo lilimpata. Alifumba macho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba asingeweza kumwambia. Alimwogopa. Hapana, si yeye alimwogopa, aliogopa siku ambayo Chelagat atamtazama vile anavyomtazama sasa. Alipouza wale ng'ombe alitaka mzee Kiptum ashuke Misikhu akute mara mbili ya alichodai, ili asije akasema tena kwamba binti yake ameolewa na mtu wa maneno. Alitaka siku moja tu ya kumfunga mdomo yule mzee. Aliyasema hayo yote akiangalia vidole vya Chelagat vilivyolishika furushi, na Chelagat akaona kwamba ni ukweli mtupu, na ukweli huo ukamuuma kuliko uongo wa wale ng'ombe wa kukodi. Angekuwa mwizi, angemchukia vizuri akaenda zake.

"Ungeniambia, ningekasirika," alisema. "Kwani hasira yangu ingekuua?"

"Nisamehe, Cheragat."

Wanyonyi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Na mtazamo ule ulikuwa uleule wa nyuma ya cherehani, wa mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Chelagat alisikia ukuta wake ukiporomoka tofali moja moja. Alikumbuka siku alipougua, Wanyonyi akafunga saiba siku tatu akaja kumpikia uji usioiva. Aliwaza miaka miwili ya kugombana na baba. Akapiga hesabu bila kutaka, akaona yaliyo kwenye simu yake yanatosha. Yanatosha kabisa. Kesho kuna soko la ng'ombe; wangewarudisha hawa wa Lwakhakha, wangenunua wengine, na Jumamosi mzee angeshika mkia wa haki.

Lakini hili neno unalielewa uzito wake? Msichana hajilipii mahari. Si kwa Wabukusu, si kwao Kitale, si popote alipopasikia. Ingejulikana, angekuwa kichekesho kutoka Kitale hadi Bungoma, mwanamke aliyejinunua mwenyewe sokoni. Jelimo, aliyeolewa kwa ahadi, angalau aliahidiwa. Chelagat alisimama na aibu hiyo mkononi, akaipima, akaona mapenzi yake ni mazito zaidi. Akaweka furushi chini. Akamshika Wanyonyi mikono yote miwili.

"Sikia," alimwambia. "Ulipokisia, mimi pia nilinunua. Kule kwangu. Na kule kwangu inatoa. Iko ya kutosha ng'ombe wote. Kesho tununue, na mimi na wewe tukufe na hiyo siri. Hata Mama asijue imetoka wapi."

Wanyonyi hakuamini. Aliuliza mara mbili. Chelagat akamfungulia simu yake, akaona kwa macho yake. Kijana yule alilia. Alilia akiwa ameegemeza paji la uso kwenye bega la Chelagat, waziwazi, mchana, kwao, mahali mama yake angeweza kuwaona, na yeye akampapasa shingo akimwambia basi, basi, imekwisha. Nadhani hakuna dakika aliyowahi kumpenda kama hiyo. Alijiona mke tayari, na kwamba tatizo lao la kwanza la ndoa wamelimaliza.

Kisha Wanyonyi akainua kichwa. Macho yalikuwa yamewaka. Chelagat aliyajua macho hayo. Yalikuwa yale ya mishumaa ya kijani.

"Cheragat, hii ni Mungu," alisema. "Unajua Wakhungu aliniambia nini juzi? Ati kuna ada ya kufungulia. Nikilipa hiyo tu, zote zinatoka, siku hiyohiyo. Nilikuwa sina. Ukinitumia leo, nimpelekee leo, kesho tuna zako, tuna zangu."

Chelagat hakuvuta mikono. Iliteleza yenyewe tu.

"Na ng'ombe?"

"Hawa wa Lwakhakha si wako mpaka Jumatatu?" alisema Wanyonyi, kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Baba yako aone hawa. Jumatatu tutakuwa tumenunua wengine hata kuwashinda. Hatajua."

Akaendelea kusema. Alisema juu ya ada, na jinsi Wakhungu alivyoapa kwa kisu walichotahiriwa nacho, na jinsi bei inaweza kupanda tena kabla ya mwaka mpya. Chelagat alimwacha amalize. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameivua aibu yake yote akamtandikia, naye alikuwa anaikanyaga akienda kwa Wakhungu. Leo ingekuwa akiba ya cherehani. Miaka kumi ijayo ingekuwa karo ya mtoto, na huko mbele shamba, na kila mara bakoki angelia, na kila mara mlango ungefunguliwa na chai ingemiminwa.

Akaokota furushi, akapangusa makapi ya mahindi.

"Mpe Mama hii," alisema. "Kama ni kubwa, fundi yeyote atapunguza."

"Cheragat, kwani nimesema nini?"

Aliita jina hilo mara nyingi, akimfuata mpaka kwenye ua. Kosa lile tamu, na bado lilikuwa tamu, Mungu amsamehe. Alimwambia asimfuate barabarani, na Wanyonyi, ambaye hajawahi kumkatalia kitu isipokuwa kile kimoja alichohitaji, akasimama langoni na gauni la mama yake mikononi.

Nabwile ndiye aliyemsindikiza. Hawakusema mengi. Walipita kwenye vibanda vya soko, watu wakiwasalimia na kuulizia Jumamosi, na Nabwile akiwajibu kwamba Mungu akipenda. Walipofika barabara kuu akamshika mkono.

"Mulamwa, mimi nilitoka kwetu kwa hizo ng'ombe," alisema. "Bwanangu alizitoa moja moja, mpaka ya mwisho aliuza pikipiki ndio aipate. Nilijua zitaoa bibi ya Wanyonyi. Sasa unajua zimeoa nani?" Alicheka kicheko kikavu. "Zimeoa Wakhungu."

Chelagat alimkumbatia, akasogea pembeni ya barabara, mbali na kelele za wauza ndizi, akampigia baba yake. Kule upande wa pili mashine ya kukoboa mahindi ilikuwa inanguruma. Akamsikia mzee akiwafokea vijana waizime.

"Baba, Jumamosi msije."

"Ng'ombe hawako?" Mzee Kiptum aliuliza, na Chelagat alisikia jinsi alivyokuwa amejitayarisha kwa swali hilo kwa miaka miwili. Jibu la kweli lilikuwa kwenye ulimi. Angelisema tu, na mzee angepata ushindi wake, na jina la Wanyonyi lingesagwa kwenye kila kikao cha wazee kutoka hapo hadi Kitale.

"Wako, Baba. Nimewaona, wamejaa boma," alisema. "Ni mimi. Nimebadilisha nia."

Akangoja matusi. Akangoja aambiwe amewaaibisha wazee, amewachezea watu wazima. Aliyasubiri kwa hamu hata, maana angepata sababu ya kulia. Hayakuja.

"Basi rudi nyumbani, mama," mzee alisema. Kisha akakohoa, na sauti ilipotoka tena ilikuwa ndogo, ya mtu anayeongea na nafsi yake. "Lakini nilikuwa nimemtengea huyo kijana yule mtamba wangu wa madoa. Ile siku alikuja, nilimwona kule zizini anavyomwangalia. Nilitaka nimpe Jumamosi mbele ya watu wake, ajue sina kinyongo. Sasa huyo nitampa nani?"